Anayekaa Hapa Anaitwa Jina

Sauti ya kwanza ya kazi yangu ilikuwa ya upepo. Fyu, fyu, fyu, Sista Skola anabinya mpira wa kipimo cha presha, halafu kimya kidogo, halafu tssssss, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo na dekio, sijaambiwa nianzie wapi, na mpaka leo nikifumba macho naisikia vilevile.

Nyie wenzangu mliobaki hapo kituoni mnatumia ile mashine ya betri. Inajivimbisha yenyewe, inalia pii, inatoa namba. Sina ugomvi nayo. Ila haishushi pumzi.

Siku ya kuniaga mlinipa khanga na sinia, mkaniagiza niandike mambo ya kazini ili anayekuja ajue tulipotoka. Sinia nalitumia. Kuandika ndiko kumechelewa, maana nachoka. Msidhani nalalamika, nataka tu neno hilo mlisikie mapema, kwa sababu ndilo nitakalolizungumza mpaka mwisho. Kuna uchovu unaoondoka ukilala, na kuna uchovu unaoamka pamoja na wewe. Mimi ninao huo wa pili tangu masika. Nafagia nusu ya uwanja, nakaa. Namalizia nusu, nakaa tena. Na mpaka ninapoandika ukurasa huu sijamwambia mtu yeyote aliyesomea mambo haya, mimi niliyeishi na waliosomea maisha yangu yote.

Nilianza nikiwa binti wa darasa la saba, na ndoto yangu ilikuwa ndege. Wakati ule ndege ikipita juu ya Songea watoto wote tulitoka nje, na mimi niliendelea kutoka nje hata nilipoacha kuwa mtoto. Nilijiona humo ndani, nimevaa sare, nawapa watu soda. Mjomba wangu akaniambia kuna nafasi ya usafi kwenye kituo cha afya, juu kule upande wa Mjimwema, na sare ipo. Nikaona sare ni mwanzo. Ndege sijapanda, lakini soda nimewapa watu wengi, hasa wenye kizunguzungu.

Sista Skola ndiye aliyenipokea. Kwa wasiomfahamu, hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, na huku kwetu muuguzi mwanamke ni sista hata kama ana wajukuu. Jina lake la ubatizo ni Skolastika. Alikuwa mfupi, mwenye kutembea kama anachelewa treni katika mkoa usio na treni, na sauti yake ilifika chumba cha sindano kabla yake. Alinizungusha vyumba vyote siku hiyo ya kwanza, na tulipofika kwenye veranda akaonyesha benchi refu la bluu walipokaa wagonjwa.

"Unaliona hili?"

"Naliona, Sista."

"Utalifuta asubuhi na jioni. Hutalikalia. Anayekaa hapa anaitwa jina."

Nikaitika. Baadaye wenzangu wakanifafanulia wanavyoelewa wao: mfanyakazi akikaa kwenye benchi la wagonjwa ataugua, jina lake litaitwa dirishani kama la mgonjwa. Walinipa na mifano. Fulani alikaa, akapata homa ya manjano. Mwingine alikaa tu kufunga kiatu, akavunjika mguu njiani kurudi nyumbani. Nikaamini kabisa. Nimelifuta benchi lile tangu ujana wangu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na nilipochoka nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kwenye kizingiti, kwenye debe la mahindi, popote pengine.

Basi wiki ileile ya kwanza Sista akaniambia nimsaidie kuwauliza wanawake maswali kabla hawajaingia ndani. Swali moja lilikuwa mara ya mwisho kuona siku zao. Nikamfikia mama mmoja wa makamo, nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa.

"Nimestaafu, mwanangu."

"Hongera, mama. Ulikuwa idara gani?"

Veranda nzima ikaangua kicheko. Yule mama alisubiri wamalize.

"Idara ya uzazi, mwanangu. Nimetoa watoto saba. Pensheni bado naisubiri."

Tangu siku ile kituoni kwetu hatukusema mwanamke amekoma hedhi. Tulisema amestaafu. Sista mwenyewe aliwaambia, "Dada, na wewe huko umeshastaafu?" na wanawake wakacheka, na wakishacheka wanasema mambo ambayo wasingeyasema.

Nilipokwenda kusomea uhudumu wa afya na kurudi, Sista akaona sasa naweza kushika kipimo. Kile cha zamani, chenye zebaki inayopanda kwenye kijibomba cha kioo, na mpira, na vile vya kusikilizia masikioni. Darasani walinieleza kwa maneno marefu nikayapoteza yote. Sista alinieleza hivi: "Ukijaza upepo, umefunga mlango. Sasa achia kidogo kidogo. Utasikia mtu anagonga. Akianza kugonga, soma namba. Endelea kuachia. Akinyamaza, soma namba nyingine. Basi." Nikamsikia huyo anayegonga mara ya kwanza kwenye mkono wa Sista mwenyewe. Nilishangaa nikataka kulia. Mtu mkali vile, na ndani yake kuna mtu anagonga mlango kwa upole.

Mgonjwa lazima awe amekaa kwanza akatulia. Mkono wa sweta upandishwe, usifunge kitambaa juu ya nguo. Mkono ulale, kiganja kitazame juu, asiongee. Kumzuia mwanamke wa Songea asiongee ndiyo sehemu ngumu ya kipimo.

Waliostaafu huko walikuja na mambo yanayofanana. Moto unaopanda kifuani mpaka usoni, usingizi unaokatika, moyo kwenda mbio bila kukimbizwa. Na wote, kabla hujauliza, walisema nimechoka. Nimechoka tu, sijui nina nini. Jibu la kituo, na nadhani la vituo vingi siku zile, lilikuwa, "Ni utu uzima, mama." Wanapewa vidonge vya maumivu, wanarudi nyumbani kuendelea kuwa watu wazima. Hata wao walilipenda jibu hilo. Lina heshima ndani yake, na halikutaki ufanye kitu.

Sista ndiye aliyelipiga marufuku, na alilipiga marufuku kwa sababu ya Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Nalasi, kule Tunduru. Alihamia Mjimwema kwa binti yake aliyeolewa na mwalimu, ila kwa maneno yake alikuja kumsaidia mwalimu kujua kula. Mara ya kwanza namwona ilikuwa mwezi wa sita. Mnaijua Songea mwezi wa sita. Watu benchi zima wamevaa masweta na wamejifunika vitenge juu yake, yeye amelegeza ushungi, anajipepea na mfuniko wa boksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Usinisogelee sana, nitakuunguza."

Sista akampima. Akampima tena, mkono mwingine. Nilikuwepo nabadilisha shuka la kitanda, nikaona anavyoitazama zebaki.

"Dada, unatumia dawa yoyote?"

"Dawa sitaki. Natumia hizi za kurudisha tu."

"Kurudisha nini?"

Bi Somoe akafungua pindo la khanga akatoa paketi. Vilikuwa vidonge vya majira, vilevile tulivyowapa mabinti wa uzazi wa mpango chumba cha pili. Alisema amepewa na shoga yake sokoni, binti yake huyo shoga ameacha kuvitumia, zimebaki paketi kadhaa na haifai kutupa.

"Sikiliza, Sista, nikueleze, wewe ni mwanamke utanielewa. Mimi damu yangu ilikuwa inatoka kila mwezi, haikosi. Sasa mwaka wa tatu haitoki. Imekwenda wapi? Imekaa humu humu. Ndiyo inapanda. Ikifika kifuani, moyo unapiga. Ikifika usoni, moto. Wallahi nikimeza hivi inatoka kidogo, napata nafuu."

Mimi na shuka langu niliona maneno haya yana akili. Maji yakizibwa yanapanda, nani asiyejua?

Sista hakucheka. Alivuta stuli akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana, na sauti yake ile ya kufika vyumba vyote akaiteremsha.

"Hakuna damu iliyobaki, dada yangu. Mwili ulipoacha kuitoa, uliacha na kuiandaa. Hakuna ghala ndani. Ila kuna mwingine aliyeondoka siku hizo hizo, na huyo hukuagwa naye."

"Nani?"

"Kuna kitu mwili wa mwanamke unakitengeneza, kinaitwa homoni. Hii ya kike wanaiita estrojeni. Ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza unaijua, ndiyo siku zako na watoto wako. Ya pili ilikuwa ya ulinzi. Ilikuwa inakaa kwenye mishipa ya moyo, mishipa inabaki laini, inatanuka, mafuta hayashiki ukutani haraka. Wanaume mlinzi huyo hawana kwa kiasi hicho, ndiyo maana moyo unawaanza mapema. Sisi tunakuwa nyuma yao. Tukishastaafu, tunaanza kuwafikia."

Bi Somoe akafikiri. Akaacha kujipepea.

"Kwa hiyo na mlinzi kastaafu."

"Kastaafu. Na nafasi yake haijatangazwa."

"Si ndiyo maana namrudisha kwa hivi?"

"Hivi ni vya mabinti, dada. Kazi yake kuzuia mimba, na vina nguvu. Kwa umri huu na presha hii niliyoiona, vinaweza kugandisha damu kwenye mshipa, ukaanguka upande mmoja wa mwili usiamke nao. Unamwita mlinzi, anakuja mwizi kavaa koti lake."

Bi Somoe alizitazama zile paketi kwa muda. Akaziweka mezani, zote.

"Basi mchukue mwizi wako," akasema. "Na huu moto?"

Siku hiyohiyo Sista akampeleka kwa daktari wetu, kijana mpole wa kutoka Kanda ya Ziwa, na kesho yake daktari akatukusanya wote wakati wa chai akatueleza zaidi. Alisema dawa za homoni za wanawake waliostaafu zipo kweli, na mwenye moto uliozidi anaweza kupewa, akishapimwa na kuangaliwa na daktari, na si kila mwanamke zinamfaa. Lakini asitokee mtu akawaambia wanawake wameze homoni ili kulinda moyo. Haziko kwa kazi hiyo. Moyo unalindwa na vitu visivyo na sifa: presha ishuke na dawa zake zisiachwe, sukari ipimwe, chumvi ipungue, mtu atembee, tumbaku aiache. Sista akauliza kama na wale wanaokuja na uchovu tu tuwapime. Daktari akasema hao hasa. Moyo wa mwanamke mara nyingi haupigi kelele kifuani kama tunavyotegemea, unaweza kujitokeza kama uchovu, pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya.

"Basi kuanzia leo," Sista akasema, "sitaki kusikia utu uzima hapa. Utu uzima si ugonjwa. Pima."

Daktari akaongeza jambo moja. Wale waliokoma mapema, kabla hata ya arobaini na tano, hao ndio tuwatazame zaidi, maana mlinzi wao kaondoka wakati usiku bado mrefu.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaendelea kumimina chai. Mimi miaka hiyo nilikuwa nimefika arobaini na mbili tu, na siku zangu zilikuwa zimekata mwaka mzima, bila kuniaga, bila moto mwingi, nami nilifurahi kupumzika na gharama za pamba. Hakuna aliyenitazama isipokuwa Sista. Yeye alijua, maana nilishamwambia. Wakati wa kuosha vikombe akanifuata.

"Vero, uje nikupime. Na kipimo cha mafuta kwenye damu tuagize."

"Nitakuja, Sista."

Sikwenda. Ningekaa wapi? Kupimwa ni lazima ukae utulie kwenye benchi kwanza, kanuni ni hiyo kwa kila mtu. Na huyo mlinzi mimi nilishamtengeneza kichwani, ana koti refu jeusi la baridi na tochi, anazunguka mishipani anaimba taratibu. Nilimpenda. Sikutaka kuambiwa kaondoka.

Bi Somoe akawa wa kwetu. Alikuja kila mwezi kuchukua dawa za presha. Alipunguza chumvi kwa kulalamika, hasa kwenye dagaa wa Nyasa, akasema sasa anakula vijiti. Aliacha kupanda bodaboda kwa safari fupi, akawa anapanda kilima kwa mguu, anafika anahema na kututukana kidogo kwa mapenzi. Miaka ikapita hivyo. Zebaki ikakaa mahali pake.

Sasa naja kwenye jino.

Sijui lilianza lini. Ninachokumbuka ni Sista anasimama katikati ya kilima asubuhi, chini ya mti wa mjohoro, mkono umeshika taya la kushoto. Mwanzo nilidhani anamsubiri mtu. Nikimuuliza, anasema jino. Akaenda mjini, likang'olewa. Akarudi na pamba mdomoni, akafanya kazi siku hiyohiyo akiongea kwa ishara, na tulimwelewa vizuri kuliko siku zote. Baada ya wiki mbili hivi, namwona tena chini ya mjohoro, mkono shavuni.

"Sista, si limetoka?"

"Limeacha mzizi. Au ni la jirani yake. Nitalitoa na hilo."

Na alikuwa anachoka. Yule aliyetembea kama anachelewa treni sasa aliegemea dirisha katikati ya sentensi. Alianza kunituma vitu alivyokuwa anavifuata mwenyewe. Nikamwambia, Sista, pumzika, mwambie daktari.

"Nimechoka tu, Vero. Utu uzima."

Alilisema yeye, kwa mdomo wake, humo humo alimolipiga marufuku. Na mimi nikaendelea na kazi. Ungemwambia nini mtu aliyekufundisha kusikiliza?

Ilikuwa siku ya kliniki ya presha. Benchi limejaa, Bi Somoe kakaa mwisho, upande wa ngazi, kapu lake miguuni. Sista akaja anapanda, akasimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono shavuni, uso umekuwa na rangi ya majivu.

"Sista, hilo jino bado tu?"

"Bado, dada."

"Linauma ukila?"

"Hapana."

"Ukinywa cha baridi?"

"Hapana, halisumbui."

"Sasa linauma saa ngapi?"

"Nikiwa napanda huku."

"Ukifika ukatulia?"

"Linaacha."

Bi Somoe akawageukia wanawake wenzake.

"Jamani. Jino gani hilo linajua mlima?"

Benchi zima likacheka. Sista naye akacheka, kisha nikaona kicheko kinamwishia usoni taratibu, kama upepo unavyoisha kwenye kitambaa cha presha. Alikuwa ameelewa. Taya, mlima, kuchoka. Mambo yote aliyotusomesha alikuwa ameyabeba mwenyewe, anayapandisha na kuyashusha kila siku.

Bi Somoe alisogea, akawasukuma wenzake kwa nyonga, akapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa hapa."

"Mfanyakazi hakai hapo."

"Leo umestaafu kama sisi. Kaa, uitwe jina."

Nilikuwa na rundo la kadi mkononi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kama mtoto, nikasema moyoni asikae, akikaa ataugua, na huku namwona ameshaugua. Sista alilitazama lile benchi. Halafu akakaa, katikati ya Bi Somoe na mama mwingine, akaweka mikono mapajani, mdogo kabisa kati ya vitenge vyao.

Kazi ya kuita majina ilikuwa yangu. Nikaenda dirishani nikamwita, jina lake la ubatizo na la ukoo, bila sista mbele. Hakuna aliyenung'unika kwenye foleni.

Daktari alimpa kidonge cha aspirini atafune, akampigia simu mwenzake, na gari likamshusha hospitali kubwa. Huko wakampima umeme wa moyo na vipimo vingine. Mishipa inayoulisha moyo ilikuwa imekuwa myembamba. Daktari wa huko alisema angengoja wiki nyingine ya kupanda kilima, huenda tungempandisha kwa machela. Na lile jino alilong'oa, kumbe, lilikuwa zima.

Nilikwenda kumtembelea na uji. Alikuwa amelala ameinuliwa mito, kitambaa cha presha kimefungwa mkononi muda wote, kinajivimbisha chenyewe kila mara. Tukakisikiliza kikijaa na kuachia.

"Vero, ile habari ya benchi," akasema. "Unajua niliisemea nini?"

"Kwamba anayekaa ataugua."

"Hata. Wafanyakazi walikuwa wanakaa wanapiga soga, wagonjwa wamesimama. Nikatafuta neno la kuwatisha. Nikasema anayekaa hapa anaitwa jina, maana yake atapangiwa kazi. Nyie mkaifanya dini." Akafumba macho. "Na mimi nikaingia kwenye hiyo dini yenu."

Alipona kwa namna ya kupona kwa moyo, yaani kwa vidonge vya kila siku na mwendo wa taratibu. Alirudi kwao upande wa Mbinga, kwenye baridi na mibuni, na kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu. Anapiga mpaka leo. Kwanza kahawa, halafu wajukuu, halafu anauliza.

"Umekaa benchi?"

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa na jibu. Foleni ndefu, Sista. Wiki ijayo, Sista. Mashine imeisha betri. Niliwapima wanawake wa Mjimwema wote, wa Namasakata waliokuja kwa ndugu zao, wake za walimu, wauza mboga. Niliwapandisha mikono ya masweta, nikawaambia watulie. Wangu mwenyewe sijaugusa. Aliyestaafu mapema kuliko wote hapo kituoni alikuwa ameshika mpira wa kupampu.

Bi Somoe alifariki mwaka juzi, kwa uzee wake, kwao Nalasi, amezungukwa na watu wake. Mungu amrehemu. Moyo ulimfikisha mpaka alipopangiwa. Binti yake aliniletea mfuko wa korosho, akasema ameachiwa maagizo nisiziache ziharibike.

Ukurasa huu wa mwisho nauandika siku nyingine, mbali na ule wa kwanza. Jumapili iliyopita Sista alipiga. Nilikuwa nimetoka bombani na ndoo ndogo, ile ndogo ya lita kumi, nimekaa juu ya jiwe katikati ya njia na pumzi imegoma kurudi. Nikapokea hivyohivyo.

"Unahema nini?"

"Nimechoka tu, Sista."

Simu ikawa na upepo wa huko milimani ndani yake.

"Sema tena."

Nikaisogeza ndoo pembeni.

"Umekaa benchi?"

"Bado. Sista, wale watoto nimewafundisha mimi. Wataniona nimekaa pale watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai."

Akakata. Hajawahi kukata kabla ya kuniaga.

Jana nililala nikiota ndege kama zamani, nimevaa sare, napita katikati ya viti, na kwenye kiti cha nyuma kabisa amekaa yule mlinzi wa koti jeusi, mzee, tochi yake imezimika, ananiomba soda. Nikaamka nimechoka vilevile. Sikuwasha moto wa chai. Nilioga, nikavaa blauzi safi na lile sweta la kijani, nikafunga mlango, sikumwambia jirani. Kilimani nilipumzika chini ya mjohoro, nikapumzika tena mbele yake kidogo.

Nilifika kabla yenu wote. Veranda ilikuwa tupu na benchi halijafutwa, lina umande na vumbi la jana. Mkono ulitaka kutafuta kitambaa, nikauzuia. Nikakaa katikati. Mbao zake ni baridi kuliko nilivyodhani, na zimechimbika taratibu na watu, kila mmoja ameacha nafasi yake. Nikasubiri kitu kinipate, hakikunipata. Jogoo akawika nyuma ya jiko. Nikapandisha mkono wa sweta, wa kushoto, nikaulaza juu ya goti kiganja kikitazama juu, nikanyamaza, nikatazama dirisha ambalo hakuna aliyelifungua bado.